Kamati ya Burudani

Hayes, London
9 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na yule ng'ombe wako mkaidi ameshazaa salama. Sisi huku tu wazima. Severin bado yuko kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, akirudi analala kama gogo. Angel ana miaka kumi na mitano na amenipita urefu. Samson anapenda mpira kuliko chakula. Wote wanaelewa Kiswahili, ila ukiwasemesha wanajibu Kiingereza. Nikilalamika, Angel ananiambia kwamba nimeshaelewa alichosema, sasa tatizo liko wapi. Baba hajambo, anakusalimia.

Nakuandikia kwa karatasi kama kawaida yetu, kwa kuwa masikio yako na simu hayapatani.

Shangazi, mwezi wa nane tunasafiri kwenda Uskoti, kaskazini kabisa, kwenye mji ule Baba aliosomea mambo ya mifugo alipokuwa kijana. Hatuendi kwa treni wala ndege. Tumekodi karavani, yaani nyumba ndogo yenye magurudumu, ina vitanda na jiko, na gari lako linaikokota nyuma. Tuko familia tatu: sisi, dada Aikaeli wa Croydon na watu wake, na Jaspal Singh mwenye duka Tooting pamoja na mkewe Jaswinder. Jaspal amezaliwa Arusha, Kiswahili chake ni cha kule kule, na Baba humwita shemeji kwa sababu tusizozijua.

Unatujua Watanzania. Watu watatu wakikutana lazima awepo mwenyekiti. Tumeunda kamati ya safari, chini yake kuna kamati ya chakula, kamati ya usafiri na kamati ya burudani, na mimi, mtu nisiyeweza hata kuwasha spika ya jikoni, nimechaguliwa mwenyekiti wa burudani. Njia ni ndefu, watoto wakichoka wanagombana, kwa hiyo kila gari linatakiwa liwe na skrini, muziki na kitu cha kusikiliza.

Ombi langu ni hili. Nitafutie nyimbo mlizokuwa mkiimba wewe na Baba mkiwa wadogo, wakati wa kuchuma kahawa. Ndugu yetu Lawrence ni katibu wa kwaya, anaweza kuzirekodi. Tafadhali usiliweke pembeni. Ni muhimu kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Mimi binti yako,
Haika


Kibosho
6 Aprili 2025

Mwanangu Haika,

Marahaba, na milele amina. Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, mvua za huku hazina adabu. Goti liko vilevile. Ng'ombe amezaa dume, na mimi nilitaka jike, lakini nani ananiuliza.

Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikamsomea Lawrence, kisha tukatazamana. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi na sikuwahi kukutana na hesabu hii. Mna nyumba Hayes. Mnaiacha nyumba hiyo, mnakodi nyumba nyingine, mnaikokota mpaka Uskoti, kisha mnairudisha. Je, mkiwa njiani mnakaa ndani yake na kupika, kama watu wa kwenye meli? Nieleze taratibu, mimi ni mzee.

Halafu hii kamati. Kamati ya chakula, ya usafiri, ya burudani, na mwenyekiti juu yao. Haika, hiyo ni harusi. Nani anaolewa? Kama ni Angel nitapanda ndege na goti langu hili nije kuwachapa wewe na Severin kwa pamoja.

Kuhusu nyimbo, nimecheka. Unaniuliza mimi nyimbo za baba yako na wewe unaishi naye? Muulize yeye, anazijua zote. Tatizo lake si maneno, ni sauti. Baba yako akiimba, kuku walikuwa wanashuka kwenye mayai. Padre alimwondoa kwenye kwaya ya parokia kwa maneno matamu, akisema, "Valentine, wewe utatusaidia kubeba viti." Alivibeba kwa hasira mpaka anaondoka kwenda Ulaya.

Na jambo moja dogo. Miaka yote hii, mwisho wa barua yako baba yako huniandikia mstari mmoja wa kejeli kwa mkono wake. Safari hii hakuna. Nimegeuza karatasi, nimeitazama hata bahasha kwa ndani. Mwambie nimeuona ujeuri wake, aandike.

Shangazi yako,
Anastasia


Hayes, London
4 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za ndama, hata kama ni dume. Sisi tunaendelea. Samson aliumia kidole mpirani, kimepona. Angel ana mitihani, kwa hiyo nyumba nzima tunatembea kwa ncha za vidole.

Hapana, hakuna harusi. Angel haolewi na mtu yeyote, mshukuru Mungu. Ni matembezi ya kifamilia tu. Na hapana, njiani hatukai ndani ya ile nyumba. Ni marufuku kabisa mtu kuwa ndani wakati inakokotwa, askari wakikuta mtu humo ni kesi. Sisi tunakaa kwenye gari mbele, nyumba inafuata nyuma ikiwa imefungwa. Najua haiingii akilini. Hata mimi haijaniingia vizuri.

Ndiyo maana burudani inatakiwa kwenye magari, na hapo ndipo nimechanganyikiwa kabisa. Jumamosi nilikwenda dukani kwa Jaspal. Alimwaga mezani waya za kila rangi, akanieleza kwamba skrini zinafungwa nyuma ya viti, zinakula umeme wa gari kupitia kidude kiitwacho inveta, filamu zote lazima ziingizwe kabla ya kuondoka kwa sababu huko milimani mtandao ni wa kubahatisha. Niliitikia kila kitu kama bibi harusi kanisani. Nilipofika nyumbani nilikuta nimebeba waya mbili za upande mmoja, haziingiliani. Angel alizitazama, akatazama uso wangu, akaenda zake.

Baba mkono wa kulia unamsumbua kidogo ndiyo maana hakuandika. Uzee. Anakusalimia sana. Nimeweka picha yake humu ndani umwone.

Shangazi, nyimbo. Ninyi tu ndio mnaozijua. Nakuomba, tena nakuomba kwa magoti. Zikiwa na sauti yako itakuwa vizuri zaidi.

Binti yako,
Haika


Kibosho
1 Juni 2025

Haika,

Marahaba. Huku tu wazima. Baridi imeanza.

Picha nimeipata. Ni nzuri. Baba yako amekaa kwenye kiti cha bustani, anatabasamu, amevaa sweta la kijani lenye mstari mweupe shingoni. Sweta hilo nililifuma mimi. Alipokuja likizo miaka ile kabla ya korona alimwachia Lawrence, kwa kuwa lilikuwa limembana tumbo. Leo Lawrence amelivaa kanisani. Nilikaa benchi la nyuma yake, nikalitazama misa nzima, sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Kwa nini unanitumia picha ya zamani na kuniambia "umwone"?

Nilimwambia Lawrence apige simu. Alipiga. Severin akasema baba amelala. Alipiga tena Jumapili, baada ya chakula cha mchana, ukapokea wewe, ukasema baba amelala. Haika, mimi nimekula chumvi. Kwenye simu za ukoo wetu, kila maiti amelala.

Nilipokuwa chuo cha ualimu walikuja kunichukua wakisema mama anaumwa, njoo umwone. Wajomba wawili, gari la kukodi, na soda waliyoninunulia njiani. Hakuna aliyenunuliwa soda na mjomba wangu bila sababu. Tulipokata kona ya nyumbani nikaona turubai. Ndivyo tulivyo, hatumwambii mtu msiba, tunamzungusha mpaka ajikute katikati yake. Na mimi naona nazungushwa.

Kamati, msafara wa magari, watu wa Croydon na wa Tooting wameitwa. Safari ya kwenda mji aliosomea ujanani na kuusifia maisha yake yote. Nyumba imekokotwa nyuma, imefungwa, na ni marufuku mtu aliye hai kuwa ndani. Nimejiuliza sana kuna nini humo ndani.

Nakuuliza mara moja, na unijibu kama mtoto niliyembeba mgongoni. Kaka yangu yu hai?

Anastasia


Hayes, London
22 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mungu anisamehe. Barua yako nimeisomea bafuni ili mtu asinione ninavyolia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Humo ndani ya karavani kuna vitanda na sufuria, Shangazi. Hakuna kitu kingine.

Baba yu hai.

Naandika tena: Baba yu hai, yuko chumba cha mbele, anatazama dirishani. Picha ni ya zamani kwa sababu hataki kupigwa picha. Sweta sikulifikiria. Nilitafuta ile aliyotabasamu, basi, nikajichimbia kaburi.

Najua utauliza kwa nini haandiki na kwa nini haji kwenye simu. Kuna jambo, na nimemuahidi sitakuambia. Alinishika mkono mpaka nikaahidi. Sijui kama niliahidi vizuri au vibaya. Severin anasema nivunje ahadi, dada Aikaeli anasema ahadi ya mzazi haivunjwi, Jaspal anasema niandike barua halafu nimwachie yeye aipeleke posta, ili nikiulizwa niseme si mimi niliyetuma. Kila mmoja ananiambia lake na mimi nimebaki katikati kama mpira wa Samson.

Hata kamati imenishinda. Severin anataka mechi kwenye skrini zote, Samson anataka michezo yake, Jaswinder anataka nyimbo za dini asubuhi. Jaspal amependekeza tuunganishe magari yote matatu kwa simu ya kundi: gari letu likipiga wimbo, simu za magari mengine zinapokea na kuupeleka kwenye spika zao, wote tusikilize kitu kimoja. Tulijaribu uani kwake. Gari la Aikaeli lilisikia kila kitu mara mbili na gari la Jaspal halikusikia kitu.

Niamini tu, Shangazi. Na nyimbo zile, kama unanipenda, bado nazihitaji kuliko chochote. Safari ni tarehe tisa Agosti.

Haika wako


Kibosho
13 Julai 2025

Mwanangu Haika,

Marahaba, mwanangu. Sina hasira tena.

Umeandika "yu hai" mara mbili. Mtu akiwa hai, ukiandika mara moja inatosha. Nimemwonyesha barua paroko, ameisoma, ameinamisha kichwa. Lawrence amelia kwa sauti, na unajua Lawrence hata ng'ombe wake alipokufa hakulia.

Basi tumekaa kikao cha ukoo. Tumekubaliana tusiwasumbue tena. Nimesikia huko Ulaya maiti hukaa kwenye jokofu hata miezi mpaka kibali kipatikane, kwa hiyo nimeelewa safari ya Agosti ni ya nini. Sitawalaumu kwa kumlaza Uskoti. Lakini ujue inaniuma. Pale kihambani, kwenye migomba ya ukoo, upande wa kushoto wa kaburi la baba yetu, palikuwa ni pake. Nilikuwa nimepaacha wazi. Jumatatu nilikwenda na jembe nikapasafisha mwenyewe, sijui kwa nini, nadhani mikono ilitaka kazi. Tumesoma misa. Watu walikuja wengi, tumepika, tumeweka turubai, mvua ya baridi ikanyesha juu yake.

Kitu ulichoomba nimefanya. Lawrence amenirekodi kwenye flashi. Nyimbo za kahawa zimo, nimeziimba na akina mama watatu waliobaki. Kabla ya nyimbo nimesoma wasifu wa marehemu, maana huko mlipo najua hakuna anayeujua kuanzia mwanzo. Naomba upigwe pale mtakapomlaza, kwa sauti, ili na yeye asikie nani alikuwa dada yake. Flashi nimempa Sufian, mtoto wa jirani anayesoma huko, anaondoka mwisho wa mwezi. Barua hii naiweka posta kwa sababu siwezi kumpa mtu mkononi maneno haya.

Niliandika wasifu kwa mpangilio mzuri, kama mwalimu. Nilipofika kwenye ujana wake nilishindwa, Lawrence akazima mashine, akawasha tena, nikaendelea.

Mtunze Severin na watoto. Wewe ulimtunza baba yako, Mungu amekuona.

Shangazi yako,
Anastasia


Hayes, London
24 Agosti 2025

Shangazi! Shangazi yangu!

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako ya Julai nimeikuta leo mlangoni, chini ya matangazo ya piza, tulipotoka safari. Nimeisoma nikiwa nimesimama na begi begani. Kaa chini kabla hujaendelea. Kama Lawrence yupo, mwite; simu yake tumeipiga tangu huko milimani mpaka leo, haipatikani.

Ahadi imevunjika, si mimi niliyeivunja, ni wewe. Sasa nakueleza yote. Mwezi wa kwanza Baba alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukapinda kidogo, na maneno yakakatika. Kila kitu anaelewa, anajua nani ni nani, anajua hata nani amemaliza sukari, ila kinywani hakitoki kitu. Hospitalini, kwa mkono wa kushoto, aliandika jina lako halafu akalikata kwa mstari, akanikazia macho. Nikaelewa hataki ujue kwamba yuko hivyo. Alikuahidi Krismasi hii atarudi nyumbani kabisa, akachinje mbuzi, na aibu ilimkaba. Dada mmoja wa hospitali anayemfundisha kusema upya aliniambia watu wengine wa ugonjwa huu maneno huwakataa lakini nyimbo za utotoni hutoka. Ndiyo maana nilikung'ang'ania, Shangazi. Burudani ilikuwa ya Baba. Skrini zilikuwa za kuwanyamazisha wengine.

Sasa sikiliza. Sufian alileta flashi usiku wa kuamkia safari, tukiwa tunafunga mizigo, hakuna aliyepata nafasi ya kuisikiliza. Alisimama mlangoni akasema tu, "Poleni sana. Ni nyimbo za bibi," nikadhani pole ni ya mizigo. Nikaiweka kwenye mkoba kama yai.

Burudani ya kamati yangu ilikufa mapema. Kabla ya kutoka nje ya London inveta ilinuka moshi, skrini zote zikazima. Samson alitazama kioo cheusi kama aliyefiwa. Vishikwambi viliishiwa chaji. Ile simu ya kundi ilifanya kazi kwa kwikwi. Tulikwenda siku mbili tukisikiliza watoto wakigombana kwa Kiingereza na Severin akimlaumu mwenyekiti wa burudani. Baba alikaa kiti cha mbele, kimya, ametazama nje. Nilikata tamaa kabisa. Nilijiona mjinga, nimewakokota watu wote hawa na nyumba zao kwa ajili ya jambo ambalo huenda lisitokee.

Siku ya tatu tulikuwa kwenye barabara nyembamba, milima huku na huku, kondoo kila mahali, magari yetu matatu yanafuatana polepole. Baba alianza kuchangamka, ananyooshea mkono wa kushoto kila kilima. Nikasema sasa ndiyo wakati wa nyimbo. Nikachomeka flashi kwenye redio ya gari, nikawapigia Jaspal na Aikaeli simu ya kundi, nikatangaza kwa mbwembwe, "Kutoka Kibosho, maalumu kwa ajili ya Baba!"

Ikatoka sauti yako. "Wasifu wa marehemu Valentine."

Severin nusura aingie mtaroni. Mimi nilipapasa vitufe vyote, nikaongeza sauti badala ya kupunguza. Nawe unaendelea kwa utulivu wa mwalimu: marehemu alizaliwa Kibosho, mtoto wa kwanza, marehemu alisoma kwa bidii. Angel akasema kutoka nyuma, "Mum, is she talking about Babu?" Baba alikuwa amekaza macho kwenye redio. Nilitaka kuichomoa, akanipiga mkono. Kweli, Shangazi, alinipiga kibao cha mkono kama nilipokuwa mdogo naiba sukari.

Basi tukakusikiliza. Ulisema marehemu alikuwa mpole, hakupenda ubishi. Baba akatoa mguno. Ulisema marehemu aligawa kila alichokuwa nacho. Hapo ndipo ulipolia, tukasikia Lawrence anazima na kuwasha tena. Baba machozi yakamtoka, mimi yangu siyasemi. Kisha ukavuta pumzi, ukasema, "Kaka yangu alijaliwa sauti ya malaika, na kwaya ya parokia ilimtegemea yeye."

Baba alianza kutikisika. Nilidhani kiharusi kimerudi, nikapiga kelele Severin asimame. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaegemea kioo. Akafungua kinywa, kikapinda, kikatafuta, akakifunga, akakifungua tena, na kikatoka: "U... uongo!"

Akaonyesha redio kwa kidole. "Mwongo! Anastasia mwongo!"

Tuliposimama kando ya barabara kilichosikika ni wewe tu, unaendelea kumzika. Na Angel, Shangazi, Angel ambaye sijawahi kumsikia akiniambia sentensi nzima ya Kiswahili tangu aanze sekondari, alinishika bega akasema, "Mama, Babu amesema. Umemsikia? Babu amesema!"

Nyuma yetu palikuwa na kizaazaa kingine. Kwenye magari yale mengine mawili mtandao ulikatika baada ya "wasifu wa marehemu Valentine". Walisikia hilo tu. Aikaeli alishuka amejifunga kanga kiunoni, anakuja mbio kati ya kondoo akilia, "Baba Haika! Jamani Baba Haika!" Jaspal naye anakuja kutoka nyuma ameunganisha viganja, anasema, "Pole sana Mama Angel, pole sana, I am so sorry." Baba akateremsha kioo akawatazama mmoja mmoja. Aikaeli akakaa chini barabarani.

Tulipiga nyimbo pale pale, milango yote ikiwa wazi. Yule dada wa hospitali alisema kweli. Maneno ya kawaida bado yanamkimbia, lakini nyimbo za kahawa aliimba ubeti mzima, na ule wa pili nusu. Anaimba vibaya sana, Shangazi, ulisema kweli. Kondoo waliondoka. Kwa siku zote zilizobaki hakuna aliyeuliza skrini. Samson alidai wasifu urudiwe kila asubuhi ili Babu agombane na redio, na kila siku Babu alipata neno jipya la kukukanusha.

Nisamehe kwa miezi ile uliyobeba peke yako. Nilidhani nalinda ahadi, kumbe nilikuwa nakuua wewe.

Haika wako

Nimemaliza, lakini kuna mtu amechukua kalamu kwa mkono wa kushoto, na imemchukua muda mrefu kuliko barua yote:

ANASTASIA. BADO NIPO. NILIBEBA VITI. V.


Kibosho
21 Septemba 2025

Mwanangu,

Marahaba. Barua ilifika nikiwa nachuma kahawa, nikaisomea hapo hapo chini ya mibuni, kisha nikajilaza chini kando ya kikapu. Lawrence alidhani sasa ni mimi.

Paroko ametangaza kanisani kwamba marehemu si marehemu. Watu wamepiga makofi, kisha wakaanza kulalamika kwamba walikula msiba wa mtu mzima. Mama mmoja anataka nirudie kupika, safari hii kwa furaha. Nitapika.

Sina hasira na wewe. Kesho kutwa nitakuwa nayo kidogo, leo sina.

Mwambie baba yako nimeuona mstari wake, nimemsomea kila aliyepita njiani. Mwambie mdomo uliopinda si aibu, wangu ulinyooka maisha yote na ndio uliowadanganya watu kwamba anajua kuimba. Kama Krismasi hawezi, aje Pasaka. Kama Pasaka hawezi, nitakuja mimi na goti langu, mnipakie kwenye nyumba yenu ya kukokota.

Pale nilipopasafisha kihambani sikuweza kupatazama palivyokuwa wazi. Nimepanda mgomba. Ukizaa nitamwita aje akate mkungu mwenyewe, kwa huo huo mkono wa kushoto, na sitaki kusikia kwamba amelala.

Anastasia